Kivuli Kikipita Uani

Kuku akitaka kutazama juu hainui uso kama sisi. Hulaza kichwa ubavu, jicho moja likabaki kwenye vumbi na jingine likaelekea mawinguni. Nimezaliwa Kakamega, kwenye boma ambalo kuku walilala jikoni, na maishani mwangu nimekula kuku wengi kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya daktari, lakini jambo hilo dogo sikuliona mpaka nilipovunjika mguu.

Mguu wenyewe ulivunjika kijinga. Boda boda iliyonibeba ilikwepa shimo hapa Mamboleo, ikafaulu kulikwepa, ikamvaa mbuzi. Mbuzi aliinuka akaenda zake. Mimi nilifungwa plasta kutoka vidoleni hadi juu ya goti, nikaambiwa nihesabu wiki 12. Kazi yangu ni kuwaandalia wenye maduka hesabu zao, kwa hiyo kazi ilinifuata nyumbani ndani ya kompyuta. Lakini mwezi wa pili, saa nane mchana, ndani ya nyumba ya mabati Kisumu hapakaliki. Nikahamishia kiti uani, chini ya mwembe, mguu juu ya kreti ya soda, na huko ndiko nilikoishi mpaka mvua za masika zikatukuta.

Ua wetu si wa kujivunia. Upande mmoja kuna ukuta wa jirani uliopandwa vigae vya chupa. Upande wa pili kuna seng'enge iliyozidiwa nguvu na mnyaa. Kwa nyuma kuna kichuguu kirefu kufika kiunoni, na nyuma yake kijito kinachobeba maji ya mvua na povu la sabuni ya mtaa mzima. Mwenye nyumba alipanda mitende miwili kwa urembo, na wanana, wale ndege wa manjano ambao Wajaluo huwaita osogo, wameinyonyoa majani hadi imebaki kama mifagio iliyozeeka. Basi.

Kuku walikuwa koo mmoja mwenye vifaranga 11, matembe wanne, na jogoo mwekundu mwenye upanga uliokatika ncha. Watoto walimwita Chifu, kwa sababu alitembea mbele ya wenzake kila mahali bila kazi inayoonekana.

Mama yangu alishuka kutoka Kakamega kuja kuniuguza. Kwa desturi zetu mama halali hivi hivi kwa mwanawe aliyeoa, lakini hilo alilitatua mlangoni kabla hajavua viatu: nyumba ni ya kupanga, alisema, kwa hiyo yeye analala kwa mwenye nyumba. Watoto walishangilia. Kukhu, yaani nyanya yao, akiwepo, mandazi hayahesabiwi.

Siku ya tatu uani, nikiwa katikati ya hesabu za duka la vifaa vya ujenzi, Chifu alitoa mlio ambao masikio yangu hayakuwahi kuutenga na milio mingine ya kuku. Kriiiii. Mwembamba, mrefu, kama mlango wa kabati kuukuu unaofunguliwa na mtu asiyetaka wenye nyumba waamke. Nikainua macho. Matembe wanne walikuwa wamekauka pale walipo, kila mmoja ameshikilia mguu aliokuwa ameuinua. Koo alikuwa amejichanua kama mwavuli, na vifaranga walikuwa wakimiminika chini yake. Kisha kikaja kivuli.

Mwewe alipita kati ya mwembe na kamba ya nguo, pengo ambalo mimi nisingethubutu kulipitisha baiskeli. Mkia wake wenye panda ulijipinda huku na huku kama usukani, na hakutua. Aliteremsha mguu mmoja tu, kama mtu anayeokota ufunguo huku anakimbia. Kifaranga mmoja alikuwa hatua nne kutoka kwa mama yake, akishindana na mdudu, na hatua hizo nne ndizo zilizommaliza.

Kilichoniganda moyoni si kunyakuliwa kwake. Ni sauti. Kifaranga aliendelea kulia kule juu, tii, tii, tii, sauti ileile aliyokuwa akiitumia chini, ikawa inakwenda mbali kuelekea vilima vya Kajulu, na koo akawa anageuza kichwa taratibu kuifuata, jicho moja juu. Halafu ikakatika. Mwewe hahitaji kutua ili ale. Tulimwona akikiinamia alichokishika huku mabawa yamenyooka, manyoya machache yakaelea nyuma yake kama majivu ya karatasi.

Mtoto wangu wa mwisho alilia. Mama akaja na mwiko mkononi, akatazama juu, akauliza amechukua wangapi.

"Mmoja, Mama."

"Na yeye ana watoto," akasema, akarudi jikoni.

Alichofanya baadaye ni kumtuma binti yangu dukani akanunue GV, ile dawa ya zambarau tuliyokuwa tukipakwa vidonda vya mdomoni tukiwa wadogo. Jioni, kuku walipolala, waliwapaka vifaranga kumi migongoni na mabawani, na asubuhi uani kwetu walitembea vidude ambavyo havikuumbwa na Mungu yeyote ninayemfahamu. Desturi hii haikuanza na mama yangu. Ukisafiri magharibi ya Kenya utawaona vifaranga wa waridi na zambarau kando ya barabara, na wenyewe watakwambia kuwa mwewe hujua rangi ya chakula chake. Kwetu ilifaa siku tano. Mwewe aliteremka hadi usawa wa kamba ya nguo, akatazama, akapanda tena. Siku ya sita akaja, labda mwingine asiye na habari, akaondoka na mmoja wa zambarau.

Mimi ni mtu wa hesabu. Nilifungua ukurasa mpya nyuma ya daftari la duka la vifaa vya ujenzi nikaandika: Mwewe, 2.

Kwa kuwa sikuwa na pa kwenda, nilianza kujifunza lugha ya Chifu. Ndani ya juma moja nilikuwa nimetenga milio miwili kabisa. Ule wa kriiiii ulikuwa wa angani tu. Kikija kitu kwa miguu, paka wa jirani kwa mfano, alibadilisha: ko-ko-ko-ko-kaaa, kwa kelele, shingo imenyooka, bila kujali nani anamsikia. Ukifikiri, kuna akili ndani yake. Wa angani akikusikia atajua ulipo, kwa hiyo mlio wake ni mwembamba, mgumu kuufuata unakotoka. Wa ardhini ananyemelea, na ukishampigia kelele ameaibika. Kuku wenyewe hawakuhitaji kuona kitu. Wakisikia kriiiii walikauka au wakaingia vichakani. Wakisikia ko-ko-kaaa walinyoosha shingo kutafuta.

Nilidhani nimegundua jambo, kumbe watafiti wa tabia za wanyama walikuwa wamelipima miaka ya 1980 kwa kuwapitishia majogoo picha za kipanga juu ya vizimba vyao. Waliona pia jambo lililonichekesha: jogoo akiwa peke yake, mara nyingi hunyamaza. Akiwa na kuku wenzake karibu, ndipo anapotoa onyo. Basi jina tulilompa lilimfaa.

Kenge alikuja siku ambayo sikuwa na simu mkononi, na ndiyo maana hakuna anayeniamini kuhusu ukubwa wake. Ko-ko-ko-kaaa ya Chifu ilikuwa na ukali mpya. Kutoka upande wa kijito, kando ya kichuguu, ulitangulia ulimi wenye panda, ukaonja hewa, ukarudi. Kisha kichwa. Kisha mwili ambao haukuisha kutoka. Alitembea kwa mwendo wa kujivuta, kama mzee mwenye hela, akaenda moja kwa moja kwenye kichaka ambamo tembe mmoja alikuwa akitaga tangu Jumatatu. Alichukua yai la kwanza kinywani, akainua kichwa, na nikaliona likishuka shingoni, zima, uvimbe unaosafiri. La pili hivyo hivyo. Nilimrushia kandambili. Iliangukia njiani. La tatu. Alipotoka alipitia kwa kifaranga mmoja aliyezubaa, bila haraka, kama mtu anayechukua peremende kwenye kaunta baada ya kulipa.

Wahenga walisema katika msafara wa mamba na kenge wamo, na siku zote nilidhani maana yake ni kwamba kenge anajipenyeza kwa wakubwa apate sifa. Ukweli ni mchungu zaidi. Kenge wa mito na maziwa yetu ni mwizi mashuhuri wa mayai ya mamba. Yumo kwenye msafara kwa sababu ya mzigo.

Jirani yangu wa upande wa kijito, mzee wa Kijaluo mwenye bata, naye alikuwa amelizwa na kenge huyo huyo, ng'ech kwa lugha yake. Alikuja jioni, akanipa pole ya mguu, kisha akatoa mfukoni gazeti lililokunjwa. Ndani yake mlikuwa na chembechembe za dawa, kijiko kimoja hivi. "Tia kwenye yai," akasema. "Yai moja tu, na ni yeye na babu zake."

Nilishukuru nikaipokea. Nilitaka kuitumia, nisijifanye mtakatifu. Ilikaa siku mbili juu ya rafu ya jiko la nje, mbali na watoto, na mara kadhaa nilimtuma binti yangu aniletee yai nikamwita arudi. Nilikuwa nakumbuka Bunyala. Kule Busia, kwenye mashamba ya mpunga, watu wamewahi kutia dawa ya wadudu iitwayo Furadan ndani ya konokono, wakawatandazia korongo wanaokula konokono, na korongo wale walioanguka wakapelekwa sokoni kama kitoweo. Mtu alinunua, akapika, akawalisha wanawe. Dawa hiyo hiyo iliangamiza simba na tai wengi nchini kwa mizoga iliyotegwa, hadi watengenezaji wakaiondoa kwenye soko la Kenya mwaka 2009. Sumu haina adabu ya kuishia kwa aliyelengwa. Kenge akifia kijitoni, kongoti atamla. Kongoti akishindwa, mbwa wa jirani hatashindwa. Na kuku wangu huchakura kila kitu.

Kwa hiyo haikuwa huruma kwa kenge. Ilikuwa woga. Nilimrudishia mzee dawa yake, nikamwambia mama amekataa, jambo ambalo lilikuwa uongo, lakini hakuna mwanamume wa Kisumu au Kakamega atakayekubishia ukimtaja mama. Matembe tukawahamishia viota ndani, kwenye kreti juu ya meza mbovu. Kenge alirudi mara mbili, akaonja hewa, akaenda.

Hapo kwenye seng'enge kulikuwa na bucha. Mbwigu, ndege mweusi juu na mweupe chini, mwenye sura ya mhudumu wa hoteli, alikuwa akichomeka nyama kwenye miiba ya waya: panzi watatu, nyenje, na siku moja mjusi mchanga aliyekuwa bado anakunja vidole. Mdomo anao wa ndoana, kucha hana za kushikilia windo, kwa hiyo waya wetu ulimsaidia kushika wakati yeye anachana. Mke wangu aliagiza kipande kile cha waya kisianikwe tena nguo.

Lakini kilichotuvuruga nyumbani si mwewe wala kenge. Ni ndege wa kijivu.

Kwa majuma mawili nilikuwa nikimfuatilia. Alikuwa na kiota kwenye mkalitusi wa ploti ya nyuma, na makinda ndani yake, maana asubuhi kelele zao zilifika mpaka kwangu. Ni jamii ya kipanga, mkubwa, tumbo lina mistari kama fulana ya mabaharia, kichwa kidogo kisicholingana na mwili kana kwamba amevaa koti la kaka yake. Uso hauna manyoya, ni ngozi tupu ya manjano. Wataalamu humwita Polyboroides typus. Hawindi kama mwewe. Yeye ni mpekuzi. Hupanda shina la mti huku akijisaidia kwa mabawa, akaingiza mguu kwenye kila pango na kila gamba lililobanduka, na mguu wenyewe ni wa ajabu: kiungo cha katikati hupinda mbele na hupinda nyuma, hivyo huweza kupapasa kona zote za shimo kama wewe unavyotafuta shilingi chini ya kochi. Nilimwekea hesabu siku moja kutoka saa moja hadi saa sita. Mashimo 17 alipapasa. Alichopata ni mjusi mmoja, akampeleka kwa makinda. Saa sita nilijikuta namwombea.

Wakati huo huo, binti yangu, aliye gredi ya tano, alikuwa na daftari lake. Walikuwa wametumwa shuleni wachunguze kiumbe chochote, naye akachagua wanana wa mtende. Alihesabu viota 23, akavichora vyote, akavipa nambari. Mpenzi wake alikuwa nambari 9. Dume wa nambari 9 alikuwa amesuka kiota kwa majani mabichi, akaning'inia chini yake kichwa chini akipiga mabawa na kupayuka, jike akaja, akaingia, akavutavuta nyuzi kama mama anayekagua kikapu sokoni, akaondoka. Dume akakibomoa chote. Akaanza upya. Jike, huyo au mwingine, akakataa tena. Cha tatu ndicho kilichokubaliwa. Binti yangu alikuja mezani siku hiyo akatutangazia kana kwamba ndugu yake amepata kazi.

Jumamosi, kama saa mbili asubuhi, ndege wa kijivu alikuja kwenye mtende.

Kuti liliinama alipotua. Wanana wote wakalipuka, hewa ikawa ya manjano na makelele, wengine wakimpiga vikumbo mgongoni. Hakuwajali. Alijigeuza kichwa chini, akashika kiota kwa mguu mmoja, mabawa yakipapatika kama mwavuli uliogeuzwa na upepo, na mguu wa pili akauingiza kwenye mlango wa kiota. Nilikuwa karibu kiasi cha kuona uso wake ukibadilika, manjano ikiiva kuwa nyekundu, kama mtu anayekabwa na haya au na hasira. Mguu ukatoka na kitu cha waridi kisicho na unyoya hata mmoja. Akakimeza papo hapo. Akauingiza tena.

Ilikuwa nambari 9.

"Baba, mfukuze!"

Gongo lilikuwa mkononi mwangu. Mtende ulikuwa karibu; ningeupiga mara moja tu angeondoka. Nikasikia kinywa changu kikisema, "Ngoja."

Binti yangu hakumtazama tena ndege. Alinitazama mimi. "Uko upande wake?"

Nilikuwa upande wake. Nilikuwa na mashimo 17 kichwani, na makinda ya mkalitusi yaliyoamka kabla yangu kila siku yakilia njaa. Kinda la pili alilibeba mdomoni mpaka kule, na kelele za makinda zikapanda, kisha zikanyamaza kama watoto waliowekewa sahani. Nilifurahi. Naye alikuwa amesimama chini ya mtende na daftari lake, analia bila sauti, kilio kibaya kuliko vyote, na dume wa nambari 9 alikuwa amerudi, ananing'inia mlangoni, anaingia, anatoka.

Hakunisemesha mpaka usiku. Mama yangu ndiye aliyetupatanisha, kama upatanisho ni neno lake. Alimuuliza binti yangu, huku anamsuka, "Wewe ulianza kumtazama nani?" Akajibu, osogo. "Na baba yako?" Akanyamaza. "Haya," mama akasema, akaendelea kusuka.

Nimelifikiria neno hilo sana kuliko lilivyokusudiwa. Kama boda boda ingenivunja mguu majuma mawili mapema, labda ningewaona wanana kabla ya mkalitusi, na gongo lingeinuka lenyewe. Na mwewe je? Sikuwahi kuona kiota chake. Sijui sauti ya makinda wake. Kwenye daftari langu yeye ni nambari tu: Mwewe, 3, kufikia mwezi wa tatu. Kenge, 1, mayai tukiyaweka kando. Paka wa jirani, 1. Beseni la nguo, 1, na huyo alizama mchana kweupe sisi wote tukiwepo, wala hakuna aliyesema beseni litiliwe sumu.

Walibaki watano.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha siku ya Alhamisi alasiri, ile mvua ya Kisumu inayokuja kutoka milimani na mchanga na mifuko ya plastiki, ikapiga saa moja, ikakatika ghafla. Saa kumi na moja jua lilirudi, na kichuguu kikafunguka. Kumbikumbi walitoka kama moshi. Wajaluo huwaita ngwen, kwetu ni tsiswa, na kwa lugha yoyote ile mtu huacha alichokuwa akifanya. Kuku walikimbia hadi mlangoni mwa kichuguu wakawa wanadona bila kupumua. Wanana waliwabebea makinda yao. Mbwigu alisahau bucha lake. Chura, ambao sikujua kama tunao, walijipanga kandokando kama watu kwenye foleni ya maji. Mbayuwayu walikuwa wakikata hewa juu, na juu yao mwewe wanne wakizunguka pole pole, wakikamata kumbikumbi mmoja mmoja kwa mguu na kuupeleka mguu mdomoni, kwa ustaarabu, kama wageni wanaokula njugu sebuleni. Mmoja alishuka mpaka kimo cha mwembe. Vifaranga watano, zambarau yao imepauka, walikuwa chini yake waziwazi. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Chifu hakutoa mlio wowote. Mdomo wake ulikuwa na shughuli.

Mama alikuwa amevaa buti za mke wangu, karai la maji mkononi, anawachota. Tuliwakaanga kwa chumvi, mabawa yakapepetwa, tukala na ugali.

Kuna jambo nilipaswa kulitaja kuhusu kichuguu kile. Kenge jike hukipasua kichuguu chenye mchwa hai, akataga ndani, akaondoka. Mchwa huziba tundu kwa ajili ya nyumba yao wenyewe, na mayai yakabaki kwenye joto lisilobadilika, yamelindwa kwa ukuta asioujenga yeye. Makinda wakiangua hungoja mvua ilainishe udongo ndipo watoke. Nilisoma hayo usiku ule, mguu ukiniwasha ndani ya plasta, nikakumbuka alivyokuwa akipita kando ya kichuguu kila anapokuja.

Jumapili walikuja watu wa kanisani kuniona. Tisa. Mgeni wa Mluhya hali sukumawiki, na Mluhya mwenyewe akimlisha mgeni sukumawiki habari hufika kijijini kabla ya basi. Swali lilikuwa kuku yupi. Matembe wanataga. Koo ana watoto, na kuku mwenye watoto halengwi jiwe. Mama alinitazama, nami nikatikisa kichwa kukubali. Haikuchukua nusu dakika.

Chifu alishikwa akiwa kwenye kreti, usingizini. Hakutoa hata ule wa ardhini.

Firigisi ni ya mwenye mji, hata akiwa na mguu mmoja. Lakini kabla haijaingia sufuriani mama alinionyesha alipoipasua: changarawe, punje mbili za mahindi, vichwa vya kumbikumbi vilivyosagwa kuwa uji mweusi, na kigae kidogo cha sahani ya buluu tuliyoivunja Krismasi, kimelainika kingo zote kama peremende iliyonyonywa. Kigae nilikiweka kwenye kikombe cha kalamu. Firigisi niliila. Ilikuwa ngumu na tamu. Binti yangu alikula paja, akalamba vidole, wala hakuniuliza niko upande wa nani.

Jumatatu uani palikuwa na utulivu ambao kwanza niliupenda. Hakuna wa kuwika karibu na sikio langu, hakuna wa kunitishia matembe. Nilifungua kompyuta. Koo alikuwa karibu na kichuguu na wanawe, wamekuwa wakubwa kiasi cha kutawanyika, wawili huku, watatu kule, wote wameinamia vumbi. Hata wanana walikuwa wakipiga soga zao kama kawaida. Mimi ndiye niliyekuwa nimeegemea, uso juu, nikitafuta jumla iliyokosewa na shilingi 40, nilipoona kitu cheusi kimeinamisha bawa juu ya paa la jirani.

Sikupiga kelele ya mtu. Kilichotoka kilikuwa chembamba, kirefu, kupitia meno. Kriiiii.

Koo alikauka. Kisha akajichanua, na watano wote wakamkimbilia, mmoja akijikwaa kwenye gongo langu. Kivuli kilipita juu ya kamba ya nguo, juu ya plasta yangu, juu ya kichuguu, hakikuteremsha mguu. Kilivuka kijito. Nikahesabu moyoni, moja, mbili, tatu, na upande wa mzee wa bata kukasikika mabawa mengi kwa pamoja, na mtu akipiga sufuria.